Mwalimu Aliyepigiwa Saluti

Phelister Nakhisa alihamia Kampala mwezi wa Januari akiwa na masanduku manne, mume mmoja, binti mmoja na sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomletea haya yote. Alizaliwa Webuye katika nyumba ya watoto tisa, ambako mtu wa kunong'ona mezani alilala na njaa. Kisha akafundisha Kiswahili miaka kumi na minne katika shule za bweni, madarasa ya wanafunzi sitini, bila kipaza sauti. Akikuuliza habari za asubuhi, jirani wa nyumba ya tatu anajibu kwamba ni nzuri.

Mume wake, Cleopas Odero, ni fundi wa mitambo ya vyumba vya baridi, vile vya kuhifadhia samaki na maziwa. Kampuni yake ilimpa mkataba wa miaka miwili Kampala, na siku aliyotia sahihi aliapa kwamba hataondoka Uganda kabla hajaiona yote.

"Tulikaa Nairobi miaka minane," alimwambia mkewe, "mbuga ya wanyama iko pale mlangoni na hatukuingia hata siku moja. Safari hii, Mama Ayoo, kila Jumamosi tunatoka."

Wakapanga nyumba Kyambogo, karibu na chuo kikuu. Cleopas akabandika ramani kwenye mlango wa friji na kuanza kuchora miduara kwa kalamu nyekundu. Binti yao Ayoo, mwenye miaka kumi na miwili, akapewa kazi ya kuandika kumbukumbu za safari. Cleopas alikuja kujuta kumpa kazi hiyo, kwa sababu mtoto aliandika mambo jinsi yalivyotokea.

"Jumamosi ya kwanza," aliandika Ayoo, "tulipanda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala. Baba alipanda kwa miguu yake, akashuka kwa miguu ya watu wengine."

"Jumamosi ya pili tulikwenda Ggaba kula samaki ufukweni. Baba alitaka picha na kaloli, yule ndege mrefu mwenye kipara anayekula takataka. Kaloli hakutaka picha, alitaka samaki. Sasa Baba anamwita mwizi kila anapomwona juu ya paa, na Kampala ina kaloli wengi."

"Jumamosi ya tatu tulikwenda kuona mstari wa ikweta kwenye barabara ya Masaka. Mama na mimi tulisinzia. Tulipoamka tulikuwa Masaka mjini. Baba alisema ikweta ameiona ila hakutaka kutuamsha. Tulipokuwa tunarudi mvua ilinyesha kubwa. Kwenye picha tunaonekana kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba."

Siku za kazi nazo zilikuwa na vituko vyake. Phelister alipata nafasi ya kufundisha Kiswahili katika sekondari moja ya binafsi, si mbali na nyumbani. Wanafunzi walikuwa wapole na wenye bidii, lakini ndimi zao zilibadilishana L na R bila kuomba ruhusa. Kijana mmoja alimwandikia insha nzima kuhusu baba yake anayependa sana kura, hasa kura ya asubuhi, na jinsi anavyokasirika akikuta kura imepoa. Phelister alicheka hadi akaegemea ubao.

Sokoni, mwanamke mwenye ndizi alimwita, "Nnyabo, jangu!" Phelister akalisikia kama "langu", akasimama, akamuuliza kwa upole, "Jambo lako lipi, dada?" Mwanamke akarudia, "Jangu!" huku akimpungia mkono. Mazungumzo yale yaliendelea muda mrefu, mmoja akisema jangu, mwingine akiuliza jambo lako lipi, mpaka mpita njia mmoja akawahurumia na kumweleza kwamba kwa Kiganda nnyabo ni mama, na jangu maana yake ni njoo tu.

Lakini siku aliyogundua nguvu ya sauti yake ilikuwa siku ya kwenda soko la Kikuubo. Alikuwa amekwenda kununua mabeseni na sufuria za nyumba mpya, pamoja na jirani yake Nabintu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu anayeuza vitenge. Ndani ya vichochoro vile vya maduka ya jumla, wapagazi wenye mizigo mabegani walikuwa wamesongamana na hakuna aliyeweza kwenda mbele wala nyuma. Phelister alivumilia kidogo. Kisha akatumia sauti ya darasa la wanafunzi sitini.

"Jamani, hebu nipisheni!"

Kichochoro kikafunguka. Wapagazi wakajibana ukutani. Mchuuzi aliyekuwa ametandaza chaja za simu chini alikusanya pembe nne za turubai lake na kupotea asionekane tena. Mwenye duka mmoja akatoka na kiti, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe.

"Karibu, afande," akasema.

Nabintu alicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Weye mama unaogopesha batu!" alisema. "Hapa Kiswahili iko ya basoda. Bakisikia mutu anasema Kiswahili ya nguvu vile, banajua jeshi imefika."

Phelister alikalia kile kiti. Akanunua mabeseni yake, na wapagazi wawili wakamsindikiza hadi barabarani bila kuombwa. Nyumbani alimsimulia Cleopas, na Cleopas, ambaye ni mtu mwoga wa sheria kiasi cha kusimama kwenye taa nyekundu hata akiwa anatembea kwa miguu, akamwambia, "Usirudie tena, Mama Ayoo. Huku si kwetu."

"Nirudie nini? Nimesema nipisheni. Ni kitenzi tu."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano walipokwenda kuona maporomoko ya maji. Si yale yanayojulikana. Cleopas aliyasikia kazini kutoka kwa dereva mmoja: maporomoko madogo, upande wa Mukono, ndani huko kwenye mashamba ya miwa, mahali ambapo watalii hawajafika. Cleopas aliposikia kwamba watalii hawajafika, hakuuliza kwa nini. Alivaa suruali yake ya kaki yenye mifuko kumi na miwili, buti nyeusi, na miwani ya jua. Gari lao ni kijani iliyokolea. Mambo haya mtu hayafikirii anapotoka nyumbani.

Walipotea mara mbili, na mara zote Cleopas akakataa kuuliza njia. Ilipokaribia saa sita mchana wakafika kwenye kijiji chenye maduka manne na uwanja wa mpira. Pale barabara iliishia kwenye lango la mabati lililofungwa kwa mnyororo, na mbele ya lango palikuwa na watu kama thelathini wakigombana. Upande mmoja walikuwa akina mama wenye madumu ya maji. Upande wa pili alikuwa mwanamume mnene mwenye buti za mpira za rangi ya manjano, na nyuma yake batamzinga sita waliokuwa wakimuunga mkono kwa kelele.

Cleopas akapiga honi. Hakuna aliyegeuka. Akapiga tena. Phelister alikuwa amechoka na joto, na ana kiu, na maporomoko aliyaahidiwa saa nne. Akafungua mlango, akashuka.

"Nyamazeni!" akasema. "Mmoja mmoja aseme! Ni nani aliyefunga njia hii?"

Hata batamzinga walinyamaza.

Phelister anasema kwamba alikuwa na nafasi nzuri ya kubadili lugha hapo na kueleza kwa Kiingereza kwamba wao ni wageni tu waliokuja kuangalia maji. Anakiri kwamba nafasi hiyo aliiona. Lakini aliona pia yule mtu mnene akivua kofia, na mikono yake ikianza kutafuta funguo mfukoni, na jambo hilo lilimpendeza sana.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwembamba aliyevaa koti juu ya kanzu, alikuja mbio akiwa na daftari. Alikuwa na maneno machache ya Kiswahili na aliyatumia yote kwa mara moja. "Kalibu sana afande! Asante kufika! Sisi naandika balua, naandika balua, mpaka leo!"

Kumbe kijiji kile kilikuwa kimeandika barua nyingi ofisi ya wilaya kikiomba maofisa waje. Ssemwezi, yule mwenye buti za manjano, alikuwa amezungusha ua na kuifunga njia ya kwenda mtoni, njia ambayo watu waliitumia tangu zamani. Akina mama walilazimika kuzunguka kilima kizima kwa ajili ya dumu moja la maji. Barua hazikujibiwa. Na sasa, Jumamosi mchana, limetokea gari la kijani, mtu mwenye kaki na miwani myeusi ambaye hasemi neno, na mwanamke anayeunguruma kwa Kiswahili.

Cleopas alikuwa hasemi neno kwa sababu ulimi ulikuwa umemkauka. "Phelister," alinong'ona kwa Kiluhya alichofundishwa na wakwe zake, akitumaini hakuna anayekielewa, "tutafungwa."

"Simama wima," akajibu mkewe.

Viti vya plastiki vikaletwa, soda zikafunguliwa. Watu wakakaa kwenye nyasi. Mwenyekiti akasimama, akasema maneno marefu kwa Kiganda, kisha akamwonyesha Phelister kwa mikono miwili na kukaa. Ilikuwa wazi kinachotakiwa. Walitaka hotuba.

"Mama," akasema Ayoo taratibu, daftari likiwa tayari magotini, "sema kitu, afande."

Kwanza akaitwa mkalimani, mzee mmoja Mwacholi aitwaye Oyat, aliyestaafu jeshini akiwa sajini na kuoa katika kijiji kile. Alikuja akitembea kwa fimbo, akasimama mbele ya Phelister, akamwangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akampigia saluti iliyonyooka kama rula.

"Afande, mimi iko tayari. Wewe sema, mimi natafsiri."

Phelister akainuka. Akatambua kwamba hana la kusema hata moja. Hajui sheria za ardhi za Uganda. Hajui sheria za ardhi za mahali popote. Anachokijua kwa moyo, anachoweza kukisema akiamshwa usingizini, ni kimoja tu. Akashika kiuno, akakunja uso, akanyoosha kidole.

"Ngeli ya A-WA!" akasema. "Mtu amekuja! Watu wamekuja!"

Oyat hakupepesa jicho. Akageukia umati na kusema kwa Kiganda maneno mengi kuliko hayo. Watu wakatikisa vichwa kwa kuafiki.

"Ngeli ya U-I!" Phelister akaongeza sauti. "Mti umeanguka! Miti imeanguka!"

Oyat akatafsiri. Ssemwezi akageuka kuzitazama nguzo za ua wake.

"Ngeli ya KI-VI! Kiti kimevunjika, viti vimevunjika! Ngeli ya U-ZI! Ukuta umebomoka," na hapa akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye lango, "kuta zimebomoka!"

Mwenyekiti alikuwa akiandika kila kitu. Mama mmoja akapiga kigelegele. Phelister aliona kwamba tafsiri zinazidi kurefuka. Yeye akisema maneno manne, Oyat anasema arobaini, anahesabu kwa vidole, anapima upana kwa kunyoosha mikono. Kila anapomaliza, Ssemwezi anazidi kudidimia kwenye kiti chake. Alipofika PA-KU-MU, Ssemwezi alisimama, akainua mkono wa kulia na kuapa jambo fulani. Kisha akaenda mwenyewe kwenye lango, akafungua mnyororo, na vijana wakaanza kung'oa mabati.

Wakala matoke na mchuzi wa karanga. Cleopas alikula kama mtu anayekula chakula chake cha mwisho. Baadaye Oyat akawaongoza kwenye njia iliyofunguliwa kwenda kuona maporomoko, na walipofika mahali ambapo sauti ya maji inafunika maneno, akamgeukia Phelister.

"Mwalimu," akasema, "ile ngeli ya KI-VI imefanya kazi kuliko barua zote za mwenyekiti."

Phelister akasimama njiani. "Ulijua?"

"Mimi nalifundishwa ngeli jeshini na sajini mmoja wa Tanzania. Mtu mkali sana. Ukikosea KI-VI, unakimbia uwanja mara tatu." Akacheka bila kutoa sauti, mabega tu yakiruka. "Wewe ulipoanza A-WA, tumbo yangu ilitaka kukimbia uwanja."

"Na wewe uliwaambia nini?"

"Nalisema afande anasema hii njia ibaki wazi, upana futi nane. Halafu afande anasema ile ndama ya jirani Nalubowa ambayo Ssemwezi alishika kwa sababu ilikula maharage yake, arudishe leo. Halafu..." Akatazama maji. "Halafu afande anasema mzee Oyat apewe batamzinga moja kwa kazi ya kutafsiri."

Walicheka wote, hata Cleopas, ambaye alikuwa ameanza kuamini kwamba wataiona Kampala tena. Maporomoko yenyewe hayakuwa makubwa, kama urefu wa nyumba ya ghorofa moja, lakini maji yalikuwa meupe na baridi na hakukuwa na kaloli hata mmoja. Cleopas alivua buti akaweka miguu majini. Ayoo aliandika, "Mama amefundisha kijiji kizima ngeli kwa kipindi kimoja. Sisi darasani kwetu tumechukua mihula miwili."

Wakati wa kuondoka ndipo raha ilipoingia doa. Bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa amejikunja kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, alimwona Phelister anapita. Phelister akamwamkia kwa furaha, kwa sauti yake ile ile. Bibi akashtuka, akapiga magoti, akainamisha kichwa, na kwa mguu akamsukuma mjukuu wake arudi ndani ya nyumba. Phelister alijaribu kumwinua. Bibi alizidi kuinama.

"Mwache, mwalimu," akasema Oyat, sasa bila kicheko. "Hawa wazee nalisikia Kiswahili miaka mingi na bunduki iko mbele. Lala chini, toa kitambulisho, leta mbuzi. Hajui kama iko Kiswahili ingine. Mimi mwenyewe nalisema hayo maneno nikiwa kijana. Si kwa huyu. Kwa wengine."

Njia nzima ya kurudi Phelister hakuzungumza. Cleopas, ambaye amekuwa akimwombea mkewe utulivu tangu waoane, aliupata na hakuupenda. Wiki ile Phelister alifundisha kwa sauti ya chini mpaka wanafunzi wa nyuma wakauliza kama Madamu anaumwa. Alimwelezea Nabintu, na Nabintu, akiwa anakunja vitenge, akasema, "Weye rudi tu, mama. Uombe masamaha. Ile kitu inakukula mu roho."

"Wakinikamata je?"

"Bakikukamata, nitakuletea chakula."

Jumamosi iliyofuata Cleopas alikuwa amechora duara Entebbe. Phelister alisimama mbele ya friji, akaitazama ramani, akasema, "Tunarudi kijijini kwa Oyat. Nataka kusema kweli." Cleopas akaivua ile suruali ya kaki aliyokuwa ameshaivaa, akatafuta ya kwenda kanisani.

Walipofika, njia ya mtoni ilikuwa wazi na watoto walikuwa wakiteremka na madumu. Phelister alimkuta mwenyekiti nyumbani kwake, akiwa na Oyat, na Ssemwezi akaitwa. Safari hii Phelister alizungumza Kiingereza, polepole, mikono ameifumbata. Alisema yeye si askari. Ni mwalimu wa Kiswahili kutoka Kenya, na mume wake anatengeneza mitambo ya baridi. Alisema walikuja kuangalia maji tu, na alipoona watu wanamwogopa alifurahia, na hilo halikuwa jambo zuri. Akamgeukia Ssemwezi na kumwomba msamaha.

Mwenyekiti alikohoa. Akamtazama Oyat. Oyat akaanza kuchunguza dari.

"Madamu," mwenyekiti akajibu kwa Kiingereza kizuri kabisa, "tulijua Jumapili. Huyu mzee hawezi kukaa na kicheko tumboni. Aliwaambia watu wote kanisani."

"Wote?"

"Wote isipokuwa Ssemwezi. Ssemwezi anasali kanisa lingine."

Macho yote yakamwendea Ssemwezi. Alikaa akizitazama buti zake za manjano. Phelister alikuwa tayari kwa lolote: matusi, polisi, batamzinga. Hatimaye Ssemwezi akasema, na mwenyekiti akamfasiria Phelister, kwamba naye alijua. Alijua tangu Jumanne, mke wake alimwambia. Angeweza kulirudisha lango. Alikuwa ameshapakia mabati kwenye toroli. Lakini alipofika pale akawakuta vijana wanne wa chuo kutoka Kampala wamekuja kuyaona maporomoko, wakamuuliza kama kuna mahali pa kupata chakula, na mke wake akawachomea batamzinga. Kesho yake wakaja wengine. Sasa mabati yale ameyaezekea banda la kulia chakula.

"Kwa hiyo hujakasirika?" Phelister akauliza.

"Amekasirika sana," akafasiri mwenyekiti. "Anasema ulimwaibisha mbele ya batamzinga wake. Anataka fidia."

Cleopas akapapasa pochi yake. Ssemwezi akajiweka sawa kwenye kiti, akaamua kulisema mwenyewe kwa Kiswahili alichokuwa nacho.

"Mwarimu, wewe nafundisha mimi ire sauti. Iko watu nakuja kununua ng'ombe yangu, nasumbua sana. Mimi nataka natisha hao."

Phelister akacheka kwanza, kisha akakataa. Alisema sauti ya kutisha hafundishi tena, lakini Kiswahili cha biashara atafundisha, cha kukaribisha wageni mezani, na somo litaanza papo hapo. Ssemwezi akanuna kidogo, kisha akakubali kwa sharti kwamba litakuwepo angalau neno moja kali. Wakakubaliana neno liwe "haiwezekani." Alilirudia akipita huku na huko uani kwa mwenyekiti, na alilipenda mno.

Phelister hakuondoka kabla ya kwenda kwa yule bibi wa mkeka. Hakusema neno lolote la Kiswahili. Alikuwa amefundishwa salamu za Kiganda na wanafunzi wake wiki nzima, na alipiga magoti chini kabisa na kuzisema kwa sauti ndogo, akazikosea nusu. Bibi alimwangalia kwa shaka. Kisha akamsahihisha neno moja. Phelister akarudia. Akamsahihisha la pili. Wakaendelea hivyo mpaka bibi akawa ndiye mwalimu, tena mkali, anayempiga Phelister vikofi vidogo mkononi kila anapokosea. Mjukuu alitoka ndani akakaa mlangoni kutazama mtu mzima akifunzwa kuongea.

Mvua iliwakuta wakiaga. Cleopas aliambiwa apite njia ya juu, akapita ya chini, na baada ya dakika tano gari lilikuwa limezama kwenye tope hadi katikati ya magurudumu. Kijiji kikaja kusukuma: mwenyekiti na koti lake, Oyat akiongoza kwa fimbo, Ssemwezi akiwa peke yake mwenye viatu vinavyofaa. Phelister naye alishika nyuma ya gari. Cleopas akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, na tope lote la Mukono likampata Phelister kuanzia kichwani hadi kiunoni.

Phelister alifuta macho kwa kidole kimoja kimoja. Watu walimtazama wasijue kama inaruhusiwa. Ayoo, aliyekuwa dirishani na daftari, ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Ssemwezi, kisha kijiji kizima, na Phelister mwenyewe akicheka kuliko wote, huku akimtafuta mume wake kwa mikono miwili iliyojaa tope.